Nafsi Isiyotaka Kitu: Atmani si Akili, wala si Umimi

Siku hizi kila ukifungua simu kuna mtu anakuhimiza uisikilize "nafsi yako ya kweli". Acha kazi hiyo, nafsi yako inakuita kwingine. Achana na huyo mchumba, nafsi yako haina raha. Jirani na mawaidha hayo kuna mengine yanayosema ego, yaani umimi wa mtu, ni adui, iue, ivunje, izike. Yote mawili hunadiwa kama hekima ya kale ya Wahindu, na hapo ndipo ninapobisha. Maandiko hayo nimeyasoma kwa miaka na kwa mapenzi makubwa, na sijaona ndani yake nafsi ya namna hiyo. Nafsi inayozungumzwa na Upanishadi, ile inayoitwa atmani, haina kipaji, haina wito, haina kabila wala jinsia. Haipendi kazi hii kuliko ile. Brihadaranyaka, mojawapo ya Upanishadi kongwe kuliko zote, inasema katika hali yake halisi imekwisha kutosheka, na nje yake hakuna inachokitaka. Chochote kinachotamani, kinachochoka, kinachokata shauri na kujuta baadaye, maandiko yanakiweka upande mwingine kabisa, pamoja na ngozi na mifupa.

Dai hilo ni zito kuliko linavyosikika. Wengi wetu, tuwe tumelelewa msikitini au kanisani, tumezoea kumgawa binadamu sehemu mbili, mwili huku na roho kule, halafu fikra, upendo, kumbukumbu na dhamiri tunavipeleka kwenye roho. Wanafalsafa wengi wa India waliuchora mstari mahali pengine. Akili yote, pamoja na ule umimi unaosema "mimi" mchana kutwa, waliirudisha upande wa mwili. Upande wa pili wakaacha kitu kimoja tu, kile kinachojua. Karibu kila kosa ninaloliona katika mazungumzo ya leo juu ya falsafa hii linatokana na mtu kutouona mstari huo ulipopita.

Tuutazame kwa karibu. Saa nne usiku ujumbe unaingia kwenye grupu la ukoo: "Wengine humu wakichangia elfu kumi wanataka dunia nzima ijue." Macho yameona herufi. Ndani kuna kitu kimezipokea, kikaziunga zikawa sentensi, kisha kikayumba: anasemwa nani hapa? Kiungo hicho wanakiita manasi. Kazi yake ni kupokea habari za milango ya fahamu na kwenda huku na huku kati ya hili na lile. Mara kikaja kingine kikakata shauri: nasemwa mimi, maana jana nilituma picha ya muamala. Hicho ni budhi, kiungo cha kuamua na kupambanua. Hapo hapo yakafunguka ya zamani bila kuitwa, msiba wa mwaka ule, maneno ya shangazi jikoni. Hiyo ni chita, ghala la yaliyopita. Na katikati ya yote likapanda neno la moto: mimi? Baada ya yote niliyowafanyia watu hawa? Hiyo ndiyo ahankara, ambayo nitaiita umimi. Haifikirii wala haiamui. Inachofanya ni kulichukua tukio lolote lililopita mbele yake na kulibandika jina: langu, dhidi yangu, kwa ajili yangu.

Hizo nne kwa pamoja Vedanta, mkondo wa falsafa uliojengwa juu ya Upanishadi, inaziita antahkarana, chombo cha ndani. Ni chombo kama jicho lilivyo chombo, ila hiki kiko ndani.

Sasa, wakati kifua kinabana na vidole vimeshaanza kuandika jibu kali, hasira ilikuwapo, na pia hasira ilijulikana. Kule kuyumba kulijulikana. Uamuzi ulijulikana, na uchungu wa kuonewa ulijulikana. Kilichoyajua hayo yote je, nacho kilikuwa na hasira? Kama nacho kilichemka pamoja nayo, ni nani aliyejua kwamba kuna kuchemka? Kijitabu kifupi cha Vedanta, Drig Drishya Viveka, kinaanza na hatua hiyo hiyo: umbo linaonwa, jicho ndilo mwonaji, jicho nalo linaonwa, akili ndiyo mwonaji, akili na mienendo yake inaonwa, shahidi ndiye mwonaji, naye shahidi haonwi na yeyote. Hakuna haja ya kuamini lolote ili kuijaribu hatua hiyo. Unaweza kuifanya usiku huu huu, na hilo ndilo linalonivuta mimi kwenye falsafa hii kuliko ahadi zake nyingine zote.

Yajnavalkya, mwalimu mkuu wa Brihadaranyaka, alibanwa na mwenzake Ushasta amwonyeshe nafsi hiyo waziwazi, kama mtu anavyoonyesha ng'ombe au farasi. Alimjibu kwamba mwonaji wa kuona huwezi kumwona, msikiaji wa kusikia huwezi kumsikia, mfikiri wa kufikiri huwezi kumfikiri. Ndiyo maana alipotakiwa kuieleza atmani alikuwa akisema tu neti neti, si hivi, si hivi. Wapo wanaodhani huko ni kukwepa swali. Mimi naona ni uaminifu. Ukitaja sifa yoyote umeshataja kitu kinachoonwa, na kinachoonwa si mwonaji.

Waliolichukua wazo hili wakalifikisha mwisho wake bila huruma ni watu wa Sankhya, shule nyingine ya kale ya falsafa ya Kihindu. Andiko lao kuu, Sankhyakarika la Ishvarakrishna, ni beti sabini na kitu. Katikati ya karne ya 6 mtawa Paramartha alikuwa tayari amelitafsiri kwa Kichina. Linahesabu misingi 25 ya vitu vyote. Mmoja ni purusha, mjuzi asiyefanya lolote. Ile 24 iliyobaki ni prakriti, yaani maumbile, na mpangilio wake unashangaza: kwanza budhi, kutoka kwake umimi, na kutoka kwenye umimi manasi, milango mitano ya fahamu, viungo vitano vya kutenda pamoja na miguu na mikono, hadi ardhi, maji, moto, hewa na anga. Umimi wako na unyayo wako ni ndugu wa tumbo moja. Bhagavad Gita nayo, katika sura ya 7, inapoyataja maumbile ya chini inaorodhesha ardhi, maji, moto, hewa na anga, kisha kwa pumzi hiyo hiyo inaongeza manasi, budhi na ahankara.

Ubeti wa 62 wa Sankhyakarika ndio unaowashtua wasomaji wengi wanapofika hapo mara ya kwanza. Unasema hakuna anayefungwa, hakuna anayefunguliwa, hakuna anayehama kutoka maisha haya kwenda mengine. Kinachofungwa, kinachohama na kinachofunguliwa ni maumbile. Tumezoea kusikia kwamba Wahindu wanaamini roho inahama. Kwa Sankhya kinachohama ni mwili mwembamba usioonekana, wenye budhi, umimi, manasi na alama za matendo yaliyotangulia. Purusha hakuenda popote, maana hakuwa amefungwa mahali.

Mtazamo huu una nguvu moja ambayo sijaona ikitajwa vya kutosha. Mzee mpole akipigwa kiharusi anaweza kuamka na tabia nyingine kabisa, mkali, mwenye matusi, asiyemjua mwanawe. Mtu akipewa dawa ya msongo wa mawazo, baada ya wiki kadhaa dunia inaonekana kwake na rangi nyingine. Anayeamini kwamba utu na kumbukumbu ni mali ya roho lazima ajiulize roho imepatwa na nini. Mwanafunzi wa Sankhya hapotezi usingizi hapo. Akili ni maumbile, na maumbile hubadilishwa na maumbile. Uchunguzi wa ubongo unaweza kuendelea miaka mia nyingine bila kumgusa, kwa kuwa kila kitu unachokigundua kiko upande ule aliokwisha kuuachia.

Lakini ushindi huo una gharama, na gharama yenyewe ni kubwa. Kama kicheko cha mama yangu, uchaji wake, namna anavyokunja kanga na namna anavyonisamehe, vyote ni maumbile, basi kile kisichokufa ndani yake kina uhusiano gani na yeye ninayempenda? Hapa ndipo wasimulizi wengi wa falsafa hii wanapoharakisha kupita. Maandiko yenyewe hayaharakishi. Chandogya, Upanishadi nyingine ya zamani hizo, ina kisa kirefu juu ya shida hii, na kinastahili kusimuliwa polepole.

Prajapati, bwana wa viumbe, alitangaza kwamba ipo nafsi isiyo na uovu, isiyozeeka, isiyokufa, isiyo na huzuni, njaa wala kiu, na atakayeijua atapata malimwengu yote. Miungu na mashetani wakasikia. Miungu wakamtuma Indra, mashetani wakamtuma Virochana. Wakafika kila mmoja na kuni mkononi, desturi ya mtu anayekuja kuomba uanafunzi, wakakaa miaka 32. Prajapati akawaambia watazame ndani ya chombo cha maji. Wakajiona mpaka nywele na kucha. Akawaambia wajipambe, wavae nguo nzuri, watazame tena. Wakajiona wamependeza. Akasema, hiyo ndiyo nafsi, isiyokufa, isiyo na hofu. Wakaondoka wote wawili mioyo imetulia.

Virochana hakurudi tena. Akawafundisha wenzake kwamba mwili ndio nafsi, utunzwe, utukuzwe, na andiko linaongeza kwamba ndiyo maana wapo wanaompamba maiti kwa mavazi na mapambo wakidhani atashinda ulimwengu wa pili kwa hayo. Virochana hakuwa mjinga. Alisikia maneno yale yale aliyoyasikia Indra. Tofauti ni kwamba aliridhika.

Indra alikuwa bado njiani alipohisi kasoro. Kama nafsi ni kile kivuli ndani ya maji, mwili ukipambwa nayo imepambwa, mwili ukipofuka nayo imepofuka, mwili ukiangamia nayo imeangamia. "Sioni faida katika hili." Akarudi na kuni zake. Miaka mingine 32. Sasa Prajapati akamwambia, yule anayetembea kwa furaha ndotoni, huyo ndiye nafsi. Indra akaondoka, akahisi kasoro tena. Ni kweli wa ndotoni hapofuki kwa upofu wa mwili, lakini ndotoni nako anafukuzwa, anahisi kama anauawa, analia. Akarudi. Miaka 32 tena. Aliyelala usingizi mzito asiote ndoto yoyote, huyo ndiye nafsi. Safari hii pingamizi la Indra ndilo zito kuliko yote: katika usingizi ule mtu hajijui kusema "huyu ni mimi", wala hawajui wengine, amekuwa kama aliyeangamia. Faida iko wapi? Prajapati hakumkemea. Akasema, kweli, na akamweka miaka 5 zaidi. Jumla 101.

Nikiwasikiliza wahubiri wa "nafsi ya kweli" nawaona wamepiga kambi kwenye kituo cha pili. Wametoka kwenye mwili, wamefika kwenye ulimwengu wa ndani, na kwa kuwa ndani kuna ndoto tamu na shauku na sauti zinazoita, wamesema tumefika. Indra angewauliza kuhusu machozi ya huko ndani. Na wale wanaotafuta utupu, wanaodhani kwamba kutafakari maana yake ni kuizima akili mpaka pasibaki kitu, wamelala kwenye kituo cha tatu. Chandogya imeukataa utupu huo kwa kinywa cha mungu mwenyewe, na mwalimu akakubali kwamba kweli hautoshi.

Jibu la mwisho la Prajapati ni lipi? Mwili huu ni wa kufa, lakini ni makao ya nafsi isiyo na mwili. Ajuaye "ninuse hiki" ndiye nafsi, pua ni ya kunusia tu. Ajuaye "niseme hili" ndiye nafsi, ulimi ni wa kusemea. Ajuaye "nifikiri hili" ndiye nafsi, na manasi ni jicho lake la kimungu. Akili hapa haijatukanwa wala haijatupwa. Imepewa cheo kikubwa kuliko milango mingine yote ya fahamu, lakini ni cheo cha jicho, si cha mwonaji.

Kisa kile hata hivyo hakikulimaliza pingamizi la Indra, na karne nyingi baadaye liliwagawa walimu wakubwa wawili wa India ya kusini.

Shankara, wa karne ya 8, alifungua ufafanuzi wake wa Brahmasutra, kitabu cha msingi cha Vedanta, kwa kusema mjuzi na kinachojuliwa vinapingana kama nuru na giza, na bado watu wote huvichanganya. Husema "mimi ni mnene", "mimi ni kipofu", "hiki ni changu". Mchanganyo huo aliuita adhyasa, kukibandika kitu sifa za kingine. Kisha anatoa mfano ambao haunichoshi. Ng'ombe akimwona mtu anakuja na fimbo juu, hukimbia akiwaza "anataka kunipiga". Akimwona na majani mabichi mkononi, humsogelea. Msomi aliyebobea katika maandiko, anasema Shankara, hana tofauti na ng'ombe huyo: akiona mtu mkali na upanga anarudi nyuma, akiona aliye kinyume cha huyo anasogea. Kwake hilo lilikuwa thibitisho kwamba umimi uliojibandika mwilini hauondoki kwa kusoma vitabu.

Na umimi huo kwa Shankara si atmani. Wafuasi wake hupenda hoja ya usingizi. Mtu akiamka husema "nililala vizuri, sikujua lolote". Umimi ulikuwa umezimika, lakini lazima kuna kilichoushuhudia ule utulivu, la sivyo asingeukumbuka. Shahidi alikuwapo, "mimi" hakuwapo. Kwa hiyo "mimi" ni mgeni, shahidi ndiye mwenye nyumba.

Ramanuja, anayehesabiwa kufariki mwaka 1137, aliisikiliza hoja hiyo akaigeuza. Huyo aliyeamka anasema nini? Anasema *nililala*. Hasemi "kulikuwa na ufahamu usio wa mtu, ukalala vizuri". Yule wa kabla ya usingizi na wa baada ya usingizi ni "mimi" mmoja, na usingizini alikuwapo, ila kwa hafifu. Kwa Ramanuja maana ya ndani kabisa ya "mimi" ndiyo atmani yenyewe. Kinachopaswa kuondoka ni kule kuuita mwili "mimi", pamoja na kiburi kinachofuatana nako. Hiyo ndiyo ahankara, na yeye pia anakubali kwamba ni kitu cha maumbile. Kisha anaongeza hoja yenye uchungu. Mwambie mtu anayetafuta wokovu kwamba wokovu ni yeye kutoweka, na badala yake patabaki ufahamu fulani usio yeye. Ataondoka mara tu utakapoanza kuutaja. Nani atajinyima, afunge, aache starehe, ili faida iende kwa asiye yeye? Chandogya nayo inamsaidia, kwa sababu inaitaja nafsi iliyowekwa huru kuwa yenye matakwa ya kweli, inayotembea ikicheka na kucheza na kufurahi. Si picha ya shahidi aliyeganda.

Mimi naona Ramanuja ana haki zaidi kuliko anavyopewa. Leo Advaita, fundisho la Shankara la kutokuwa na uwili, ndiyo inayosambaa duniani, hasa tangu mtawa wa Kihindu Vivekananda aliposimama kuhutubia Chicago mwaka 1893, na wengi wanadhani ndiyo falsafa ya Kihindu yote. Hatua ya kwanza, kwamba chochote ninachoweza kukitazama ndani yangu si mimi ninayetazama, naikubali kwa moyo wote. Hatua ya pili, kwamba huyo anayetazama ni mmoja katika watu wote, wa milele na asiye mtu, inahitaji hoja nyingine, na Wahindu wenyewe hawakukubaliana. Sankhya ilihesabu wajuzi wengi wasio na idadi. Madhva, katika karne ya 13, alisema kila nafsi ina hulka yake. Wanamantiki wa Nyaya walisema kutaka, kuchukia, kujitahidi na kujua ndizo alama za nafsi, kwa hiyo wao hawakuuchora mstari pale Sankhya ilipouchora. Na Wabudha waliuliza swali ambalo halijawahi kuisha makali: umeonyesha kwamba kuna kuona, sasa nani amekuonyesha kwamba yuko mwonaji? Nikipima yote, nabaki na Indra kwenye pingamizi la tatu. Nafsi ambayo haiwezi kusema "huyu ni mimi" wala kumtambua mwenzake, sijui nitaipendaje.

Kuna jambo ambalo pande zote zinazokubali mstari huu zinakubaliana, na ndilo linaloharibiwa zaidi leo. Umimi si dhambi. Ni kiungo. Patanjali katika Yogasutra, andiko la msingi la yoga, anaitaja asmita, kujiona "mimi ndimi", kuwa moja ya dhiki tano za mwanadamu, lakini angalia anavyoieleza: ni pale uwezo wa kuona na chombo cha kuonea vinapoonekana kama kitu kimoja. Kosa liko kwenye kuchanganya, haliko kwenye chombo. Gita katika sura ya 3 haisemi kwamba mtu mwenye ahankara ni mwovu; inasema aliyepumbazwa nayo hudhani "mimi ndiye mtendaji", kumbe matendo yote yanatendwa na nguvu za maumbile. Kwa hiyo vita ya kuua ego ina swali la kujibu kabla haijaanza: ni nani anayeua, na akishaua, sifa zinakwenda kwa nani?

Ramana Maharshi, mwalimu wa kiroho wa India ya kusini, aliliona hilo vizuri. Alikuwa kijana wa miaka 16 huko Madurai, mwaka 1896, hofu ya kifo ilipomshukia ghafla nyumbani kwa ami yake. Akalala chini, akanyoosha viungo kama maiti, akajiuliza ni nini hasa kinachokufa hapa. Mwaka huo huo akaenda Tiruvannamalai, kwenye mlima wa Arunachala, asiondoke tena hadi kifo chake mwaka 1950. Njia aliyofundisha ilikuwa swali moja: wazo hili limemjia nani? Alionya kwamba kuiachia akili kazi ya kuimaliza akili ni kumfanya mwizi polisi ili amkamate mwizi ambaye ni yeye mwenyewe. Na bado Ramana alikata mboga jikoni pamoja na wengine, akasoma barua na magazeti. Umimi kama kiungo ulikuwa ukifanya kazi yake. Kilichokwisha ni madai yake ya umiliki.

Nimelisisitiza hili kwa sababu nimeona linavyotumika kuwaumiza watu. Mwanafunzi anamuuliza mwalimu wake wa kiroho michango imekwenda wapi, anaambiwa: hiyo ni ego yako inauliza. Binti analalamika kwamba ameguswa asivyotaka, anaambiwa: anayeumia ni umimi, wewe halisi huumii. Maneno yanafanana na ya Upanishadi na kazi yake ni kinyume kabisa. Upambanuzi huu umetengenezwa utumiwe na mtu juu yake mwenyewe, kwa macho yake ya ndani, mahali ambapo hakuna mwingine anayeona. Mara unapotamkwa na mtu aliye juu dhidi ya aliye chini, umekuwa silaha ya umimi wa huyo aliye juu. Umimi hujificha popote, lakini maficho unayoyapenda kuliko yote ni kiti cha shahidi, ambapo mtu husema "mimi nimeshavuka hayo" kwa sauti ile ile aliyokuwa akisemea "mimi nina magari mawili".

Doa kama hilo lipo pia juu kabisa ya historia ya falsafa yenyewe. Shankara aliyeandika kwamba atmani haina jati, yaani kundi ambalo mtu huzaliwa ndani yake, wala tabaka, katika ufafanuzi ule ule wa Brahmasutra anakubali kwamba Mshudra, mtu wa tabaka la chini, hana haki ya kusoma Veda, maandiko matakatifu ya kale, na ananukuu adhabu kali za sheria za kale kwa atakayezisikiliza tu. Wapo wanaomtetea kwamba alifuata desturi ya zama zake. Mimi sioni namna ya kuvipatanisha vitu hivyo viwili. Kama jati imekaa kwenye mwili na umimi, basi anayemfungia mtu mlango kwa ajili ya jati amefanya kile kile ambacho Shankara alikieleza kwa mfano wa ng'ombe.

Aliyeifikisha hoja hiyo ilikopaswa kufika ni Narayana Guru wa Kerala, mtu wa jamii ya Waezhava, ambao wakati wake hawakuruhusiwa kuingia kwenye mahekalu makubwa. Alikuwa Mwadvaita kamili, mfuasi wa hoja za Shankara. Mwaka 1888 huko Aruvippuram aliokota jiwe mtoni Neyyar, akalisimika liwe Shiva, kazi iliyokuwa haki ya Wabrahmani peke yao, na pakaandikwa hapo kwamba ni mahali ambapo wote wanaishi kidugu bila tofauti ya jati wala chuki ya dini. Katika beti zake mia za Atmopadesa Satakam anasimulia watu wawili waliokutana gizani. Mmoja anauliza, ni nani aliyekaa gizani, sema! Mwenzake naye anauliza, na wewe ni nani? Jibu la wote wawili ni neno moja. Hata hapa kwetu, ukibisha hodi usiku na kuulizwa nani, neno la kwanza linalotoka ni "mimi", kisha ndipo linafuata jina, ukoo na mtaa. Narayana Guru alitaka wasomaji wake wasimame kwenye neno la kwanza kabla hayajafika ya pili.

Nimesema sishawishiki kwamba "mimi" huyo ni mmoja katika wote, na bado sishawishiki. Lakini kwa kazi aliyoifanya haikumlazimu kuwashawishi watu juu ya hilo. Ile hatua ya kwanza ilitosha: jati ni kitu kinachoonwa, kimeandikwa kwenye mwili na kwenye umimi, na anayekuja kusali hajawahi kuwa kitu kinachoonwa. Mwaka 1924 watu wakaanza kuketi Vaikom, mji wa huko Kerala, kudai njia zinazozunguka hekalu la huko ziwe wazi kwa wote, na Narayana Guru akawaunga mkono. Alifariki mwaka 1928. Tangazo la kufungua mahekalu ya Travancore, dola ya kifalme ambamo Vaikom ilikuwamo, kwa Wahindu wa jati zote lilitolewa Novemba 1936.